Kapu la Vigae

Hapo zamani, ila si zamani ya kuwafanya mkae mkistarehe, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi kilichoitwa Ilondo, chini ya milima, kando ya ziwa. Wanaume wa Ilondo walilima mihogo. Wanawake wa Ilondo walifinyanga. Vyungu vyao vilisafiri mbali kuliko wao wenyewe, na kule vilikokwenda vilirudi vikiwa mahindi, mchele na vitambaa. Kijiji kizima kilikula kutoka kwenye mikono ya wanawake, na kila mtu alilijua hilo, hata wanaume, ingawa hawakupenda kulisema.

Walikuwa watu wa kanisa, watu wa kufunga na kuimba. Msije mkadhani ninawasimulia habari za wahuni.

Sasa sikilizeni desturi yao. Vyungu vya Ilondo havikuchomwa kila mtu kwake. Vilipangwa rundo moja uwanjani, vikafunikwa matete na nyasi kavu, vikachomwa kwa moto mmoja. Na chungu kibichi ni adui wa majirani zake. Kikiingia motoni na maji bado yamo ndani ya udongo, maji yale huchemka yakatafuta pa kutokea. Chungu hupasuka, na kikipasuka hakipasuki peke yake. Kwa hiyo kila mwanamke, kabla ya kuweka chungu chake kwenye rundo, alikiinua akakibana shavuni. Udongo mbichi ni wa baridi shavuni. Udongo uliokauka hauna baridi. Akishapima, alisema mbele ya wenzake, "Kimekauka." Neno moja tu, na liliwatosha wote. Kupima chungu cha mwenzako aliyekwisha kusema kulikuwa tusi kubwa kuliko kumtukania mama yake.

Na palikuwa na desturi ya pili. Chungu kikipasuka kikaleta msiba, mwenye chungu alikusanya vigae vyote, akavitia kapuni, akalibeba kapu peke yake mbele ya watu mpaka ziwani. Tangu siku hiyo hakugusa udongo tena hadi kufa kwake. Kapu hilo lilikuwa halijabebwa tangu enzi za bibi zao.

Basi, palikuwa na mjane aliyeitwa Gwantwa, mwenye binti mmoja, Tusekile. Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya, udongo haukauki. Tusekile alikuwa apate kipaimara, na wenzake wote walikwisha kushonewa magauni meupe. Mchuuzi wa vitambaa alikuwa anapita siku moja tu, na Gwantwa alikuwa na chungu kimoja tu cha kumpa. Siku ya kuchoma akakiinua, akakibana shavuni. Kilikuwa cha baridi. Akamtazama binti yake amesimama kando amebeba nyasi. Akasema, "Kimekauka."

Akakiweka pembeni mwa rundo, mahali ambapo moto hufika polepole. Na chungu kikatoka kizima.

Laiti kingepasuka siku ile. Mimi nisingekuwa na hadithi, na Tusekile angekuwa na wajukuu.

Gwantwa alipata kitambaa, Tusekile akapata gauni. Lakini mama mtu hakulala vizuri. Alikwenda kwa Bibi Syabumi, mwanamke aliyewafundisha karibu wote kufinyanga, na mzee wa kanisa vilevile, akamweleza yote na kusema anataka kusimama mbele ya wenzake akiri. Bibi Syabumi akamuuliza kama ametubu kwa Mungu. Akajibu ametubu.

"Basi yaishie hapo, mwanangu," Bibi Syabumi akamwambia. "Ukiwaambia wenzako, hawataaminiana tena. Hakuna aliyeumia. Nyamaza."

Gwantwa akanyamaza. Na Bibi Syabumi, tangu siku hiyo, hakupeleka tena vyungu vyake uwanjani. Alisema mgongo unamsumbua, akawa anachomea nyuma ya nyumba yake, moto wake mwenyewe. Mgongo ule haukumzuia kubeba kuni.

Lakini palikuwa na aliyeona. Udongo mbichi ukiubana shavuni huacha alama, na Tumpale, jirani wa Gwantwa, aliiona ile alama, doa dogo la kijivu, karibu na sikio. Hakusema kitu. Alisubiri kwa hofu chungu kipasuke. Kilipotoka kizima, Tumpale akajisemea moyoni, "Kumbe."

Watu wengi huogopa nyoka na simba. Mimi naliogopa neno hilo, kumbe.

Uchomaji uliofuata, Tumpale alikuwa na chungu cha baridi. Akasema, "Kimekauka," na chungu kikatoka kizima. Mtoni, akifua, akamwambia mwenzake kwa kicheko kwamba hata Gwantwa mcha Mungu husema hivyo hivyo. Mwenzake akacheka pia. Uchomaji uliofuata, mwenzake naye akasema, "Kimekauka," na chungu kikatoka na ufa mdogo tu, akaupaka nta. Akamwambia dada yake. Dada naye akasema, "Kimekauka."

Mwaka haukwisha, shavu likasahauliwa. Wanawake waliweka vyungu kwa mkono mmoja huku wakipiga soga, kimekauka, kimekauka, kama mtu anayefukuza kuku. Vyungu vikaanza kupasuka, kimoja leo, viwili kesho. Wakalaumu nyasi. Wakalaumu upepo. Wakamlaumu Shetani, ambaye safari hiyo nadhani alikuwa amekaa tu anapumzika, maana kazi yake ilikuwa inafanywa na wengine.

Na neno lile halikubaki uwanjani. Mtu akiahidi kurudisha jembe, aliahidi kwa sauti ile. Kabla ya Meza ya Bwana watu wa Ilondo walikuwa na kawaida ya kupeana mikono na kusameheana. Wakaendelea kupeana mikono. "Nimekusamehe," walisema, kwa sauti ileile ya kimekauka, na mioyo yao ilikuwa ya baridi.

Ndipo akaja Sekela. Sekela alikuwa yatima kutoka juu milimani, ambako watu hawajui udongo, na aliolewa na mtoto wa Tumpale. Tumpale hakuwa mkwe mbaya. Alimfundisha kukanda, alimfundisha kujenga ukuta wa chungu, alimfundisha kulainisha kwa jiwe. Sekela alipouliza mtu husema nini pale kwenye rundo, Tumpale alimjibu kwamba anasema kimekauka, kisha anaweka. Habari ya shavu hakumwambia. Sijui kama alificha au alikwisha kusahau mwenyewe. Naogopa kwamba alikwisha kusahau.

Ikafika Kwaresima, na masika tena. Sekela alifinyanga mtungi wake wa kwanza, mkubwa, mnene, kama wafanyavyo wanaojifunza. Kwa kumpa heshima bibi arusi, wakamwekea nafasi katikati ya rundo. Sekela akasema, "Umekauka," akauweka. Wakawasha.

Tusekile ndiye aliyekuwa anaongeza matete. Mtungi ulipopasuka ulilichukua rundo lote. Vyungu vikaporomoka na moto wake upande aliosimama yeye. Walimtoa upesi, lakini hakufika jioni. Gwantwa alimzika na gauni lile la kipaimara. Lilikuwa limeanza kumbana mabegani.

Baada ya matanga, Sekela alikwenda uwanjani peke yake akakusanya vigae. Desturi ilikuwa inamwita yeye, na hapakuwa na mwingine aliyeitwa. Alilibeba kapu akiyumba mpaka mlangoni pa kanisa, alipotakiwa kuanzia safari, na watu wote wakatoka kumtazama. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa Kuu. Mchungaji alikuwa amesema Meza ya Bwana itakaa tupu mpaka kapu lifike ziwani. Na kila mtu alijua maana yake kwa Sekela. Mwanamke asiyegusa udongo hana kazi Ilondo. Angerudishwa milimani, kwenye nyumba ambayo wenyewe walikwisha kufa.

Sekela akainama alitwae tena. Gwantwa akatoka katikati ya watu, akaweka mkono juu ya kapu.

"Mwacheni huyu mtoto," Gwantwa akasema. "Uongo wa kwanza ni wangu. Niliusema kwa ajili ya gauni, na gauni nimelizika na mwenyewe. Kapu ni langu."

Watu wakaguna. Wengine walikuwa na nafuu usoni, nawaambia kweli, kwa sababu jambo lilikuwa limepata mwenyewe.

Lakini Tumpale akasogea. Alikuwa mwanamke wa mzaha, na siku hiyo mzaha ulikuwa umemtoka wote.

"Gwantwa alisema mara moja, akaona haya, hakurudia," akasema. "Mimi niliiona alama ya udongo mbichi shavuni mwake nikaigeuza ruhusa. Uongo wake ungekufa naye. Mimi ndiye niliyeulea, nikaupeleka mtoni, nikaufundisha nyumba yangu. Kapu ni langu. Ila nikilibeba, msirudi nyumbani mkasema mmetakata. Ambaye hajawahi kusema kimekauka na chungu cha baridi mkononi, apite mbele nimwone."

Watu wakatazama miguu yao. Ndipo Bibi Syabumi akasema kwa utaratibu kwamba yeye anaweza kupita mbele. Hakusema uongo hata siku moja. Alipoona uwanja umechafuka alijitenga, akachoma vyake peke yake, na shavu lake mbele za Mungu liko safi.

"Mama," Gwantwa akamwambia, "mimi nilikuja kwako."

Akaeleza mbele ya wote jinsi alivyokwenda kukiri wakati neno lilikuwa bado moja, na alichoambiwa. Watu walikuwa hawajui. Bibi Syabumi akasema alitaka kumfichia aibu.

"Ulificha ugonjwa, mama," Gwantwa akasema. "Kisha ukahama nyumba, ukatuacha sisi ndani."

Bibi Syabumi alikaa chini, pale pale kwenye tope, mtu mzima yule. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka. Alisema alidhani dhambi inakimbiwa kama mvua, mtu akiingia ndani imekwisha. Vyungu vyake vyote vilikuwa vizima, alisema, na kila kimoja alikichoma akijua kwamba uwanjani kuna watoto. Akasema kapu hilo ni lake kuliko wote, maana wengine walikosea wakiwa gizani na yeye alikosea akiwa na taa.

Zamu ikamfikia Sekela. Tumpale alimfanyia ishara akae kimya, maana kila mtu alikuwa tayari kumwona hana hatia. Hakunyamaza.

"Habari ya shavu nimeisikia leo," Sekela akasema. "Lakini mtungi ule ulikuwa mzito. Nilipouinua nilihisi maji bado yamo. Nikaona wote wanasema, wanaweka, wanacheka, nikaogopa kuwa bibi arusi anayerudisha chungu chake nyumbani. Nikasema. Mnanihurumia kwa sababu sikujua, na mimi kidogo nilijua."

Mchungaji alisimama pale mlangoni, na nyuma yake meza imefunikwa kitambaa cheupe, haina kitu. Akajaribu kuwapatanisha. Akasema wabebe wote wanne, kila mtu upande wake. Tumpale akakataa. Alisema vigae vya watu wanne vitakuwa vyepesi, na mtu husahau upesi mzigo mwepesi. Mtu mwingine akapaza sauti kutoka nyuma kwamba kama ni haki, basi kijiji kizima kiache udongo. Akajibiwa kwamba kijiji kizima kikiacha udongo, watoto watakula nini. Mchungaji akasema tangu bustani ile ya kwanza watu wananyoosheana vidole, na yeye leo, kwa mara ya kwanza, anaona kila mtu amejinyooshea kidole mwenyewe, na bado hajui kapu ampe nani.

Mvua ikaanza. Haikuwa kubwa. Iliingia kapuni, na vile vigae vya mtungi wa Sekela vikarudia rangi yao ya mwanzo, ya udongo mbichi. Gwantwa alikuwa bado ameweka mkono juu. Sekela alikuwa ameshika ukingo. Tumpale alikuwa ameshika upande wa pili. Bibi Syabumi, chini topeni, alikuwa amelikumbatia. Hakuna aliyelivuta na hakuna aliyeliachia. Watu walikuwa wamesimama wanalowa, wanangoja wapate kwenda kwenye Meza ya Bwana.

Mimi nawaacha hapo mlangoni, maana sijui niwapeleke wapi. Yupo aliyesema wa kwanza, akataka kukiri. Yupo aliyeona akaeneza. Yupo aliyekuwa safi akanyamaza. Yupo ambaye mtungi ulikuwa wake, na kidogo alijua. Na ziwa liko palepale, linangoja mmoja.

Haya, semeni nyinyi. Lakini taratibu. Jibu lako, kabla hujaliweka hapa katikati yetu, libane kwanza shavuni. Je, nani alistahili kulibeba kapu lile?