Ndege Asiye na Miguu wa Ukoo wa Thornmere

Kulikuwa na wakati, huko Uingereza, ambapo ardhi ilipimwa kwa nyayo. Msinicheke. Waliosoma sana watawapa nusu ya habari hii, ile nusu iliyofuliwa na kupigwa pasi. Mimi ninayo nzima, na matope yake.

Enzi hizo chai ilikuwa bado haijawafikia. Asubuhi walikunywa pombe ya shayiri, usiku walilala ukumbini pamoja na mbwa, na mabwana wakubwa walijijengea nyumba za mawe zenye baridi kuliko kaburi. Bwana mwenye ardhi alipofariki, wanawe wote walivua viatu. Jua lilipochomoza walianza kutembea kutoka kaburini kwa baba yao, kila mmoja na njia yake na mashahidi wake nyuma. Eneo lote ambalo mtu alilizunguka kwa nyayo tupu, akarudi kaburini kabla jua halijazama, lilikuwa lake na la watoto wake. Farasi marufuku, kiatu marufuku, kubebwa marufuku. Ndiyo maana mama wa siku hizo alipojifungua mtoto wa kiume hakumtazama uso kwanza. Alimfunua miguu.

Asiyezunguka kitu hakupata kitu, na lililo baya zaidi, jina lake halikutajwa. Kila nyumba kubwa ilikuwa na mtaja nasaba, mzee wa kukariri mababu, naye katika karamu na misiba alisimama akawataja mmoja baada ya mwingine, kutoka bwana aliye hai mpaka huko juu ambako hakuna wa kumbishia. Asiye na ardhi hakuwamo. Watoto wake hawakuwamo pia. Walikuwa kama moshi, hutoka jikoni na hakuna anayeuliza ulikwenda wapi.

Sasa, katika nyumba iliyoitwa Thornmere aliishi bwana mmoja, Turstani, mwenye wana wawili wa mama mbalimbali. Mkubwa ni Hamo. Alikulia juu ya farasi, na nyayo zake zilikuwa laini kama donge la unga wa maandazi. Mdogo ni Wistani. Mama yake alikuwa mpishi kabla Turstani hajamwoa, na kwa sababu hiyo Wistani alilelewa vilimani akichunga kondoo. Nyayo zake zilikanyaga miiba ikavunjika miiba. Alikuwa na mke, Edila, naye Edila alikuwa mjamzito. Walilala kwenye kona ya ukumbi karibu na mbwa, na kila asubuhi Wistani alimwambia mkewe kwamba mtoto huyo hatazaliwa kwenye kona. Atazaliwa juu ya ardhi ya baba yake, na atatajwa.

Kosa lake Wistani lilikuwa mdomo. Siku moja alimtazama kaka yake akisukumwa matako na watumishi wawili ili apande farasi, akashindwa kunyamaza.

"Kaka," akasema, "siku mzee akitutoka, wewe zunguka bustani ya vitunguu. Tena uanze mapema."

Ua mzima ukaangua kicheko. "Na choo, usisahau choo!" mpishi mmoja akadakia.

Hamo naye alicheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akamrushia mdogo wake mfupa aliokuwa akiutafuna. "Mtoto wa jikoni wewe! Choo nakuachia, ukizunguke na mkeo." Wakacheka tena wote. Lakini nawaambia, kicheko cha mtu mnene kina pa kujificha. Kile cha Hamo kilimwingia ndani kikakaa, kikala alichokula na kulala alipolala.

Turstani alifariki mwishoni mwa majira ya baridi, theluji ikiyeyuka. Wakamzika ubavuni mwa kanisa dogo alilokuwa akilijenga. Asubuhi ya matembezi watu wa vijiji vyote walifika, kwa sababu walitaka kujua nani atakuwa bwana wao, na wengi hawakuficha walichokitaka.

Hapo palikuwa na desturi moja ya kutangulia. Kabla ya kutembea, mkubwa alipiga magoti akamwosha mdogo wake miguu, ili kuonyesha kwamba hawaendi kupokonyana. Wakati miguu ikiwa ndani ya beseni, mtaja nasaba aliwataja mababu wote, wapate kushuhudia. Na sheria ilikuwa hii: anayetoa mguu majini kabla babu wa mwisho hajatajwa amemkataa ndugu yake na amewakataa wazee wake. Hana tena haki ya kutembea. Ilikuwa desturi nzuri. Vitu vingi vya kumuulia mtu huanza vikiwa vizuri.

Pale kanisani palikuwa na tanuri la chokaa ya kujengea. Mnaijua chokaa mbichi, ile inayotoka tanurini ikiwa kavu. Ukiimwagia maji huchemka yenyewe kama ina shetani. Hamo aliijaza ndani ya beseni, chini kabisa, akatandaza majani yenye harufu nzuri juu yake. Kisha akamwendea mtaja nasaba, mzee aliyeitwa Odo, akamshika bega kwa upole.

"Mzee Odo, leo usitufupishie. Baba hazikwi kila siku. Tupandishe mpaka juu kabisa."

"Nitawapandisha, mwanangu," Odo akajibu, uso ukimng'aa. "Nitawapandisha mpaka mkose pumzi."

Odo hakujua lolote kuhusu beseni. Alikuwa mtu wa kupenda sifa tu, na hakuna aliyewahi kumwomba arefushe.

Wistani akaweka miguu juu ya majani. Hamo akamwaga maji. Odo akakohoa, akaanza: Turstani mwana wa Rogeri, Rogeri mwana wa Fulki, Fulki aliyemkaba dubu kwa mkono mmoja. Maji yakaanza kufuka. Padri akauona mvuke, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Maji ya moto kwenye baridi hii," akawaambia watu. "Tazameni huruma ya ndugu."

Ukweli, na Odo aliujua kuliko wote, ni kwamba babu wa Fulki alikuwa mchinja nguruwe, na nyuma ya huyo mchinjaji hapakuwa na habari yoyote. Nasaba ya kweli ingekwisha kabla chokaa haijapata moto sawasawa. Lakini mzee alikuwa ameombwa. Akampa mchinja nguruwe upanga na baba mwenye taji. Yule mwenye taji akampa baba aliyevuka bahari juu ya ngozi ya ng'ombe. Akaleta majitu, akaleta manabii, na wengine aliwabuni papo hapo, akiwatafutia majina huku amefumba macho. Umati ulikuwa ukipiga vigelegele kila ukoo ulipopanda ngazi. Na kila babu wa uongo aliyeongezwa, Wistani alimlipia kwa ngozi ya miguu yake.

Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa kigoda, jasho likimtiririka kwenye baridi. Edila, aliyesimama nyuma yake, ndiye wa kwanza kunusa.

"Mume wangu, toa miguu," akanong'ona. "Toa, twende zetu."

"Nyamaza, Edila. Karibu amalize."

"Huyu mzee hamalizi! Toa!"

"Na mtoto?" Wistani akasema, na hakusema zaidi kwa sababu meno yalikuwa yamekutana.

Hamo, akiwa bado amepiga magoti, aliinua uso akamtazama. "Vumilia, mdogo wangu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Wazee ni wengi."

Odo alipofika kwa Nuhu ndipo pumzi ilipomwishia. Hamo akaitoa miguu ya mdogo wake, akaikausha kwa kitambaa cheupe, na kilichotoka na kitambaa sitawaelezea, maana wengine wenu hamjala. Padri aligeuka akalitazama kanisa lake ambalo halijaezekwa, kisha akatangaza kwamba matembezi yameanza.

Wistani alisimama. Hilo peke yake lingetosha kuimbiwa wimbo, ila nyumba zile hazikuimba habari za namna hiyo. Alitembea. Mashahidi waliomfuata walisema hawakuhitaji kuweka alama za mpaka, alama zilijiweka zenyewe, nyekundu kwenye theluji. Alivuka malisho ya kondoo, akafika mtoni, na pale magoti yakamwangusha. Magoti hayahesabiwi. Edila akainama mbele yake, na tumbo lake lote lile.

"Panda mgongoni. Nitakufikisha."

"Ukinibeba nyayo zitakuwa zako," akamwambia, "na nyayo za mwanamke kwa watu hawa hazizungushi hata chungu." Akatabasamu kidogo, maana hata hapo mdomo haukumwacha. "Mwache Hamo na vitunguu vyake. Wewe mlee huyu."

Akafa pale kwenye matope ya kingo, jua likiwa bado juu, uzio wa nyayo zake ukiwa wazi.

Siku hiyo ndiyo mbayuwayu walikuwa wakirejea kutoka huku kwetu, kama wafanyavyo baridi inapopungua kwao. Zamani mbayuwayu alikuwa na miguu mirefu kama korongo, alitembea matopeni kwa maringo akichagua udongo wa kujengea kiota. Walishuka pale mtoni wakakanyaga matope yaliyochanganyika damu na ile chokaa iliyokuwa imeganda kwenye majeraha. Chokaa ikawala miguu. Ikasinyaa, ikawa vijiti vya kushikia tu. Waliruka wakipiga mayowe, na mdomoni kila mmoja alibeba tonge la udongo ule ule, wakaenda kujenga chini ya paa la Thornmere.

Hamo je? Hamo aliizunguka bustani ya vitunguu. Kweli kabisa, na kipande cha uwanja wa farasi, kisha nyayo zake laini zikapasuka akarudi kaburini akichechemea. Mashahidi wakatazamana. Kwa sheria, hicho ndicho kilichokuwa chake, na vilima vyote vilivyobaki havikuwa vya mtu.

"Kuanzia leo," Hamo akasema, akisimama juu ya kaburi la baba yake, "ardhi haigawanywi kwa miguu. Miguu ni ya mbuzi. Mzaliwa wa kwanza anachukua vyote, kama Mungu alivyompanga mbele. Padri, si ndivyo?"

Padri aliutazama tena ukuta usio na paa. "Ndivyo," akasema.

Mabwana wengine walipopata habari waliipenda, kwa kuwa wengi wao walikuwa na wazaliwa wa kwanza wanene. Sheria ikasambaa nchini kama upele.

Hamo akaishi miaka mingi na hakufurahi hata mmoja. Wake zake walizaa, na kila mtoto alikufa katika umri ule ule wa kujaribu kusimama. Anashika kiti, anajiinua, anaanguka, basi. Kila mwaka mbayuwayu walirudi na viota vyao vya udongo mwekundu juu ya dirisha lake. Aliamuru vibomolewe, vikajengwa upya. Alipozikwa, hakukuwa na damu ya Turstani duniani ila mtoto wa Edila, Aldwini, aliyezaliwa zizini na kukulia zizini. Watu wakamfuata huko, wakampa funguo. Vilima vyote vikawa vyake bila kupiga hatua moja.

Jambo la kwanza alilolitaka ni jina la baba yake litajwe. Odo alikuwa amekwisha kufa, na mtaja nasaba mpya akakataa katakata. "Bwana, hakufunga uzio. Aliyekufa bila ardhi hatajwi. Nikimtaja yeye, kesho nitaambiwa nimtaje na mchunga nguruwe." Aldwini akagonga meza, haikusaidia. Basi akaagiza ngao, na kisichoruhusiwa kusemwa akakichora: mbayuwayu mweusi, mabawa wazi, na mahali pa miguu pakiwa patupu. Edila aliitazama ngao ile muda mrefu, akaigusa, akalia kwa mara ya kwanza tangu mtoni.

Laiti ningeishia hapo. Lakini nimewaahidi nusu zote mbili.

Aldwini naye alioa akapata wana, wengi na wenye afya, wenye miguu mizuri. Walipokua aliwakusanya ukumbini, akampa wa kwanza funguo zote. Wengine akawapa kila mmoja farasi, upanga, na ngao yenye yule ndege.

Edila, mzee sasa, alikuwa ameketi karibu na moto. "Mwanangu, na hawa wengine?" akauliza. "Hawa watakanyaga wapi?"

Aldwini hakumtazama. Alikuwa akikaza mkanda wa farasi wa mmoja wao.

"Wataruka, mama," akasema.

Bibi akanyanyuka, akachukua shuka yake, akarudi zizini. Hakuingia tena nyumba ile mpaka alipokufa.

Na tangu siku hiyo, wadogo wa ukoo wa Thornmere hubeba ngao ya ndege asiye na miguu, na huonyeshwa mlango. Wengine waliingia vitani, wengine upadri, wengine wakapanda merikebu. Mbayuwayu naye hadi leo hatembei chini kama kuku. Baridi ikianza kwao huja huku kwetu, hutulia juu ya waya, hula wadudu wake na kurudi bila kumkosesha mtu usingizi. Wale vijana wa ngao nao walikuja. Wao hawakukaa juu ya waya. Walishuka na viatu vyao, wakaitazama nchi upande huu na upande ule, wakauliza hii ni ya nani. Tukawajibu. Wakauliza jina la mtaja nasaba wetu, wakaandika kwamba hayupo, na kwamba nchi haina mwenyewe.