Kengele Iliyotiwa Kitambaa

Hapo zamani, na msinikatize, si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, pikipiki zilikuwepo. Huko milimani Usambara palikuwa na njia nyembamba, mkono mmoja mlima, mkono mwingine korongo. Watu wa huko walikuwa na desturi. Ukisikia pikipiki, unajibana upande wa mlima na mzigo wako, inapita, mnasalimiana, basi. Hakuna aliyegeuka kutazama. Masikio yalitosha.

Pikipiki yenyewe ilikuwa moja, ile ndefu ya kupandia milima, ya Mdoe. Ndiyo iliyobeba wagonjwa wa kijiji. Mvua zikabomoa daraja, petroli ikakoma kufika, Mdoe akabaki kuifuta vumbi tu. Na mkewe, Staamili, mimba imeshakuwa kubwa. Zahanati iko bondeni. Angeshukaje?

Staamili alikuwa na kaka, Hiza, mwenye wazimu wa kurusha vindege vya kuchezea. Watu walimcheka: "Mwanamume mzima na ndevu zake!" Basi Hiza akavibomoa vindege vyote kwa ajili ya dada yake. Akatoa mota zake, vijimota vya kujaa kiganjani. Akang'oa injini ya pikipiki, akavifunga vijimota pamoja vivute mnyororo mmoja, akaweka betri palipokuwa na tangi.

"Kimoja hakivuti hata mbuzi," alisema. "Lakini vikishikana, tutaona."

Ikapanda mlima! Lo, vigelegele vilivyopigwa siku ile!

Ila haikulia. Ilipita kimya kama paka. Mama yao, Bi Mboza, ndiye aliyeliona hilo. Akasema: "Hiza mwanangu, hii itatuua. Itundikie kitu kilie." Hiza akatundika kengele ya mbuzi kwenye usukani. Ikawa ngeli-ngeli-ngeli njia nzima, na watu wakajibana kama zamani.

Kisha jirani yao, Mama Singano, akafiwa na mume. Matanga mnayajua. Akamwambia Mdoe: "Mwanangu, kengele hiyo inanichoma moyo. Ukipita kwangu inyamazishe, nakuomba." Mdoe akaitia kitambaa. Akikaribia nyumba ya msiba, anakitia. Akiivuka, anakitoa. Anakitia, anakitoa. Kijana mwenye adabu zake.

Siku ya siku uchungu ukamshika Staamili. Mdoe akampakia, akajifunga naye kwa khanga asianguke. Walipokaribia nyumba ya msiba, akakitia kitambaa. Walipoivuka, Staamili akapiga ukelele wa uchungu, na Mdoe akasahau kukitoa.

Kwenye kona iliyofuata alikuwa anapanda Bi Mboza na mzigo wa kuni kichwani, kuni za kumchemshia mzazi maji, maana kwao mama wa binti ndiye huzileta. Upande wa mlima palikuwa na matope, kwa hiyo alipita ukingoni mwa korongo. Hakusikia kitu. Usukani ukagusa kuni. Mdoe akaiona khanga ya mkwewe ikienda chini.

"Nini hicho?" aliuliza Staamili, macho kayafumba.

"Jiwe, mke wangu. Jiwe tu."

Na hakusimama.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima. Muuguzi akasema: "Mngechelewa kidogo tu, ningewakosa wote wawili." Mdoe akarudi mbio, akaita watu, wakashuka korongoni. Walimkuta Bi Mboza ameshakata roho, na mwili bado una joto. Labda angewahiwa. Nani ajuaye? Inauma, jamani, inauma sana.

Wakamzika jioni ileile. Staamili hajui. Amelala zahanati, na kila anayeingia anamwuliza: "Mama mbona haji? Mwambieni mtoto hana jina, namngoja yeye." Maana kwao jina hutoka kinywani mwa bibi mzaa mama.

Wazee wakasema: habari hii haipelekwi na mpita njia. Aliyesababisha ndiye aingie, amtazame mzazi usoni, amwambie.

Watatu wakasimama mlangoni.

Hiza akasema: "Niingie mimi. Mama aliniambia itatuua. Honi nilikuwa nayo, nikaona italamba betri. Nikamtundikia mama yangu kengele ya mbuzi."

Mama Singano akasema: "Kaa kando, mwanangu. Mimi ndiye niliyeomba kimya. Mume wangu keshazikwa, kelele ingemfanya nini? Nilitaka ulimwengu wote ukae matanga pamoja nami."

Mwishowe Mdoe akasema: "Kitambaa nilikitia mimi, nikasahau kukitoa. Hilo ningeweza kulisema. Lakini nilimwona. Nilimwona nikasema ni jiwe. Nitamwambia nilimwacha mama yake ili yeye aishi? Akishajua hivyo, atamnyonyeshaje mtoto yule?"

"Shemeji," alisema Hiza, akamshika bega.

Mle ndani mtoto akalia. Staamili akamtuliza, akasikia nyayo.

"Ni nani hapo mlangoni?" aliita. "Mama, ni wewe?"

Wote watatu wakatazamana.

Msinitazame mimi, nami nimekwama hapohapo miaka yote. Mlango haujafungwa, mzazi anangoja, mtoto hana jina. Semeni ninyi mlioketi hapa. Je, nani alistahili kuingia?