Bendera ya Manjano Yenye Fundo

Hapo zamani, kabla hamjazaliwa ninyi mnaojua kila kitu, meli za ziwani zilisema kwa bendera. Meli ikiwa na ugonjwa ndani ilipandisha bendera ya manjano, na maana yake ni moja: kaeni mbali. Meli ikiwa inaangamia, bendera yake ilifungwa fundo katikati, na maana yake ni moja: njooni. Hata wafua nguo wa ufukweni walizisoma. Lakini hakuna aliyewahi kuziona zote mbili katika bendera moja, mpaka siku ya meli iliyoitwa Mshindo. Sikilizeni, na wewe wa nyuma acha kutafuna.

Mshindo ilikuwa meli ya abiria, nahodha wake Lubunga. Asubuhi moja, bandari ikiwa imeshaonekana, dhoruba ikaiangukia. Upepo ukavunja usukani. Upepo ukavunja mlingoti wa bendera, ukabaki kigutu. Upepo ukabeba bendera pamoja na sanduku zima la bendera. Meli ikaanza kusukumwa kuelekea miambani na watu wake wote. Waliokuwa bandarini waliiona, wakadhani inasubiri hali itulie, maana haikuwa imesema neno.

Nahodha akaomba kitambaa. Wakaleta kaniki, weusi wake ukapotea katika wingu. Wakaleta shuka, weupe wake ukapotea katika povu. Ndipo akasimama abiria mmoja, mjane, jina lake Nyamizi, akafungua furushi lake. Ndani mlikuwa na kitambaa kirefu cha manjano, cha harusi ya binti yake wa pekee, alichokipata kwa kulima pamba za watu. Kiling'aa hata katika giza lile la mvua.

"Mama, hiyo ni rangi ya ugonjwa," nahodha akasema. "Tukiipandisha, hata aliyekuwa njiani atageuza."

"Kifunge fundo, mwanangu. Fundo litawaita."

"Na rangi itawafukuza."

"Basi waone yote mawili, wachague wenyewe. Wasipoona kitu, hawana cha kuchagua."

Kitambaa kikafungwa fundo. Lakini kipandishwe wapi, na mlingoti haupo? Akajitokeza Kabwe, baharia ambaye kazi yake ilikuwa kupandisha bendera asubuhi na kuiteremsha jioni. Akasema, "Nifungeni mimi."

Wakamfunga kwa kamba kwenye kile kigutu. Wakampa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, kitambaa kileleni, akauinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Likaja wimbi likamfunika, watu wakasema ameondoka. Likapita, kumbe yupo, na bendera iko juu. Likaja jingine likamfunika, wakasema sasa ameondoka. Likapita, yupo, na bendera iko juu. Jamani, hadithi hii nimeisimulia mpaka nimezeeka nayo, na hapa mwili bado unanisisimka. Mtu wa nyama na mifupa aligeuka mlingoti.

Bandarini alikuwapo Ruhinda, mwenye boti ya kuvuta meli. Huyu mkewe na wanawe walikufa kwa ugonjwa ulioshuka na abiria wa meli. Akatazama, akasoma fundo: njooni. Akasoma rangi: msije. Watu wote gatini walikuwa wamesoma hivyo hivyo, na wote walikuwa wamesimama. Ruhinda akawaambia vijana wake, "Shukeni. Kama kule kuna kifo, kinitoshe mimi."

Mama yake mzazi akamshika mkono. "Baba, umenibakia wewe tu."

"Na wale nao, mama, wamebakiwa na mimi tu."

Akaenda peke yake. Akatupa kamba, wakaidaka, akaivuta Mshindo miamba ikiwa karibu kiasi cha kurushia jiwe. Hakufa hata mtu mmoja.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Kabwe alipofunguliwa, mabega yake yalikuwa yameharibika. Mikono haikuinuka tena kupita kifua, na hakupandisha bendera tena maishani. Sheria ya bandari nayo ilisema bendera ya manjano haina mzaha: kitambaa kichomwe, na kila aliyeigusa meli ile atengwe kisiwani, awe mgonjwa asiwe mgonjwa. Ruhinda akiwa huko kisiwani mama yake akafariki, akayatazama mazishi kutoka ng'ambo ya maji. Na wakwe wa Nyamizi wakasema hawaoi katika nyumba iliyopandisha bendera ya ugonjwa. Binti akakaa kwa mama yake mpaka ujana ukapita, wala hakumlaumu hata siku moja, na hilo lilimuuma mama kuliko lawama.

Miaka ikapita, Mshindo ikachoka. Ilikuwa desturi ya ziwa lile kwamba meli inapostaafu, bendera yake ya mwisho hupewa mtu mmoja aliyeiokoa. Haikatwi wala haishirikiwi. Na maadamu mtu huyo yu hai, kila meli ipitayo mbele ya nyumba yake huiteremsha bendera yake hadi nusu, kisha huipandisha, kama meli zinavyosalimiana zenyewe. Wafalme wa nchi ile hawakupewa salamu hiyo.

Wakaitwa watatu.

Nyamizi akasema, "Bila kitambaa changu Kabwe angeinua mti mtupu. Wenzangu walitoa vilivyo vyao. Mimi nilitoa cha mwanangu, bila kumuuliza. Nataka meli zisalimu pale kibarazani anapokaa."

Kabwe akasema, "Kitambaa kilicho ndani ya furushi hakisomwi na mtu. Nilikiinua mimi. Ujana wangu wote niliwateremshia wengine bendera, na leo shati navalishwa."

Ruhinda akasema, "Bendera waliiona wengi, aliyekwenda ni mmoja. Ninyi mlijua hamna ugonjwa. Mimi sikujua. Mama yangu amelala mbele ya nyumba yangu, kando ya maji. Meli zikiteremsha pale, nitakuwa nimemzika."

Nahodha Lubunga akashuka ngazi na bendera mikononi. Katika kila meli baharia ameshika kamba, anangoja kuona bendera itaingia mikono ya nani, ateremshe ya kwake.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Kamba mmeishika ninyi. Je, nani alistahili kuteremshiwa bendera?