Bi Mashavu na Kamati ya Maji ya Kudumu

Paukwa!

Pakawa.

Nyie wa nyuma hamjaitika. Mmekuja kusikiliza au mmefuata mihogo yangu? Paukwa!

Pakawa.

Haya, hapo sawa. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wanapenda mikutano kuliko chakula, palikuwa na msitu wa mivinje karibu na pwani. Mchanga mweupe, upepo unapita juu, vuuu, vuuu. Ndani ya msitu kulikuwa na bwawa. Bwawa lenyewe lilikuwa na maji nusu mwaka tu. Masika likajaa. Kiangazi likakauka. Mwaka hadi mwaka, hivyo hivyo.

Lakini mimea yake, jamani. Maji yakijaa, katikati yalichanua mayungiyungi. Maji yakipungua, mayungiyungi yakajikunja, zikatoka ndago. Yakipungua tena, tope likabaki wazi, na pale ukingoni vikatoka vijiua vya njano na vya zambarau, vidogo kama ukucha wa mtoto. Kila jamii na zamu yake, kama wapishi wa arusini. Zamu ikiisha, mmea ulidondosha mbegu kwenye tope, na mbegu zikalala humo mpaka zamu irudi.

Kwenye tope hilo alilala pia Chura mmoja, jina lake Bi Mashavu. Kila kiangazi alijichimbia chini, akalala na mbegu chumba kimoja. Ilikuwa ada ya pale: kabla ya kushuka, Bi Mashavu alizunguka bwawa zima akitangaza, "Krrro, krrro. Nakwenda kulala. Tope lisifunikwe."

Na wanyama wote walimjibu, "Halifunikwi. Lala."

Ndipo akashuka. Masika yakija akapanda juu, akataga mayai, wanawe wakaogelea wakaota miguu. Maisha yake ndiyo hayo, na hakuyalalamikia.

Sasa mwaka mmoja Ngiri alisafiri. Alikwenda kwenye mto mkubwa, akakaa siku tisa, akala, akaoga, akaiita safari hiyo ziara ya mafunzo. Alirudi amenenepa, na salamu za watu haitikii vizuri. Hajapumzika, akaitisha mkutano.

"Ndugu wanyama," alisema Ngiri, "mto una maji mwaka mzima. Sisi bwawa letu linakauka. Mgeni akija kiangazi tumwonyeshe nini? Tope?"

"Aibu," alisema Tumbili. Tumbili huyo alikuwa amekwishajiteua kuwa katibu.

"Tuchimbe mfereji kutoka kile kijito cha jirani," alisema Ngiri. "Maji yaingie masika, yaingie kiangazi. Maji ya kudumu."

Wanyama wakapiga makofi, pwa pwa pwa. Neno "kudumu" liliwapendeza sana. Bi Mashavu akainua mkono.

"Na mbegu zitaota wapi?" aliuliza.

"Mbegu zipi? Mimi naona tope tupu."

"Zimo ndani. Zimelala. Zinangoja tope lipate jua na hewa ndipo ziamke."

"Zimelala," alisema Ngiri, akawageukia wenzake. "Na zinakoroma?"

Wakacheka, wakacheka mpaka Nungunungu akachomwa na miiba yake mwenyewe. Tumbili akaandika: Hoja ya Bi Mashavu imepokelewa. Mnajua wenyewe hoja ikishapokelewa inakwenda wapi.

Basi ikaundwa Kamati ya Maji ya Kudumu. Wakachimba, chaka chaka, chaka chaka. Siku ya kufungua mfereji walifunga utepe wa ukindu, Ngiri akaukata kwa jino lake, akahutubia tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Maji yakaingia, shwaaa. Kiangazi kikafika na bwawa limejaa. Bi Mashavu akazunguka kama kawaida yake, akasema, "Krrro, krrro. Nakwenda kulala. Tope lisifunikwe."

Hakuna aliyemjibu. Na tope lenyewe halikuwapo.

Akakaa juu ya jani la yungiyungi kiangazi kizima, macho kodo, usingizi hana. Mwaka wa kwanza wanyama walifurahi, waliogelea, walijitazama sura majini. Mwaka wa pili majani ya mayungiyungi yakaoza. Ndago hazikutoka. Vijiua vya ukingoni havikutoka hata kimoja. Nyuki wakahama, kwale wakahama. Maji yakawa ya kijani, yananuka. Kamati ikakutana, ikasema hiyo ndiyo harufu ya maendeleo.

Na kwenye mfereji, pamoja na maji, alikuwa ameingia Kambare. Bi Mashavu alitaga mayai yake, yakaanguliwa, watoto weusi wamejaa tele. Asubuhi Kambare akapita, hap. Jioni akapita, hap. Baada ya siku sita hakubaki hata mmoja. Bi Mashavu alilia, jamani. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaenda kwa Kamati.

"Kambare amenimalizia wanangu," alisema.

Ngiri alishusha pumzi kwa heshima zote. "Pole sana, Bi Mashavu. Lakini Kambare ni mwekezaji. Tukimsumbua atatuonaje?"

Sasa, Ngiri naye alikuwa na shida yake. Chakula chake ni ndago. Tangu azaliwe alipiga magoti kwenye tope lile, akachimba viazi vya ndago, akala akashiba. Sasa mbavu zinahesabika, suruali kama angekuwa nayo ingemvuka. Akaitisha mkutano kuhusu njaa.

"Imeonekana kwamba ndago zimetoweka kwa sababu zisizojulikana," alisema. "Napendekeza ziara nyingine ya mafunzo."

Bi Mashavu akasimama. Mara hii hakuinua mkono.

"Huna haja ya kusafiri, mwanangu. Ziba mfereji kiangazi kimoja tu. Tope likikaa wazi siku kumi na ndago hazijatoka, nahama mimi. Bwawa nawaachia, na sauti yangu hamtaisikia tena."

Kamati ikanong'ona. Walikuwa wameichoka sauti ile. Wakakubali upesi mno, kwa kura zote.

Mfereji ukazibwa. Maji yakapungua. Kambare alipoona mgongo wake uko nje, hakuaga, alirudi kijitoni kwa tumbo lake. Tope likabaki wazi, jeusi, kimya.

Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya tatu, hakuna kitu. Siku ya saba Tumbili akaandika barua ya kumtakia Bi Mashavu safari njema. Siku ya tisa Bi Mashavu alipita ukingoni akitazama chini. Akajiambia, nimewapoteza wanangu, na sasa napoteza na kwangu. Aliogopa kweli.

Siku ya kumi asubuhi akasikia mtu anatafuna. Kacha, kacha, kacha. Akageuka. Ngiri amepiga magoti katikati ya bwawa, mkia juu, machozi yanamtoka. Pembeni yake tope lote limeota manyoya mabichi. Ndago hizo. Zimechipua usiku.

"Umeziona?" aliuliza Bi Mashavu.

Ngiri aliendelea kutafuna. Mdomo ulikuwa umejaa.

Wiki haikupita, vijiua vikatoka, vya njano na vya zambarau. Nyuki wakarudi. Mnadhani Ngiri aliomba radhi? Thubutu. Aliposhiba tu akaitisha mkutano, palepale katikati ya bwawa kavu. Akatangaza kwamba kwa juhudi zake binafsi amegundua faida za tope, na kuanzia siku hiyo inaundwa Kamati ya Tope la Kudumu. Maji yasiingie tena kabisa.

Wanyama wakapiga makofi, pwa pwa pwa.

Bi Mashavu hakubishana. Alizunguka bwawa akisema yake, akajichimbia, akalala na mbegu zake chumba kimoja. Juu yake Kamati ikaendelea na kikao. Ilikaa kiangazi chote, ikijadili na kuahirisha. Ikafika mpaka kwenye kura ya kuizuia mvua. Wanaokubali wanyooshe mikono. Wakanyoosha.

Mbingu ikasema, nguru nguru. Mvua ikashuka, chwaaa.

Tumbili alipanda mvinje na karatasi zake mdomoni. Nungunungu alikimbia. Ngiri peke yake alibaki, maji yanamfika kidevuni, anasema mkutano haujafungwa. Na Bi Mashavu akapanda kutoka topeni, akampita bila kumsalimu, akataga mayai yake kwenye maji safi yasiyo na kambare. Mwezi haujaisha, wanawe wakaruka ukingoni, kila mmoja na miguu yake minne.

Mafunzo yake ni haya, wakubwa na wadogo: kabla hujakitengeneza kitu, muulize kwanza anayeishi ndani yake. Na akikujibu, msikilize.

Hadithi yangu imekomea hapo kwenye maji. Mwenye kutaka kuivusha, avue viatu.