Ubongo wa Bei Chee

Mwajabu, fundi redio wa Korogwe, aliunda kiroboti cha magurudumu, akakipa ubongo wa bei chee: kibao cha kompyuta kisichozidi kiberiti kwa ukubwa. Mzee Mkwizu, tajiri wa duka la vifaa vya roboti, alipokiona alicheka mpaka machozi yakamtoka.

“Binti, hicho kitapotea kwenye vichochoro vya mbao nilivyojenga uani. Nunua kompyuta kubwa kama ya roboti yangu.”

“Na kikitoka salama?”

“Nakupa kompyuta hiyo bure. Kikipotea, meza yako ya ufundi ni yangu.”

Meza ile ndiyo iliyomlisha Mwajabu, lakini alimpa mzee mkono. “Sawa, mzee. Ila wewe ndiye mkubwa. Yako itangulie, changu kifuate.”

Kichwa kikamvimba mzee, akakubali. Roboti yake ikaingia, ikapima kila kona, taa nyekundu ikiwaka mgongoni, ikatokea mlango wa pili. Nyuma yake kikatoka kiroboti cha Mwajabu, nusura kiigonge.

“Haiwezekani!” mzee akafoka. “Kibao hicho kinajua nini?”

“Kinajua jambo moja tu, mzee,” alijibu Mwajabu, kompyuta mpya tayari kwapani. “Kufuata taa nyekundu.”