Lango Lililokataa Maji ya Msiba

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, kwa maana hata kuku wa watu hao walishazoea mlio wa simu, palikuwa na kijiji cha Upareni kilichotegemea maji ya mfereji mmoja. Jina la kijiji silitaji. Wenyewe wapo, na bado wana hasira. Hata mimi nikiisimulia habari hii moyo unanipanda, kwa hiyo nikipaza sauti mnivumilie.

Kijijini hapo waliishi Nangasu na mumewe Kadeghe. Kadeghe alikuwa mtu wa vitunguu. Kila mavuno alichagua vile vilivyokaza ngozi, akavirudisha ardhini vitoe maua, akapukusa mbegu kwa mikono yake. Mbegu ile usingeipata dukani hata ungekwenda wapi. Ilikuwa ya Kadeghe, mwaka hadi mwaka, na mkewe aliijua kwa kuinusa tu.

Siku hizo mgawa maji alikuwa Mzee Mchome. Ukimpelekea dengelua, ile pombe ya miwa, lango linafunguka. Usipopeleka, unaambiwa maji yamepungua mlimani. Nangasu alichoka. Siku ya mkutano wa mfereji akakaza kanga kiunoni, akasimama mbele ya watu.

"Nimechoka kubembeleza maji!" akasema. "Mume wangu anamsujudia mtu kwa ajili ya maji ya Mungu? Nataka lango lisilomjua mtu. Asiwepo wa kulifungua peke yake. Hata mimi nikija nalia, lisifunguke!"

Watu wakapiga makofi. Mchome akachukua fimbo yake akaondoka bila kuaga. Maneno hayo ya Nangasu yashikeni, tutayahitaji.

Wakamwita Kiangi, mwana wa kijiji aliyesomea kompyuta mjini. Zamani mkitaka programu ya kazi kama hiyo mlisubiri kikosi cha wataalamu, waje wapime, waondoke, warudi, mpaka mnasahau mliwaitia nini. Kiangi hakuja na kikosi. Alikuja na simu, na ndani yake fundi wa akili mnemba. Unamwambia kwa Kiswahili unachotaka, anaandika programu mwenyewe. Watu wakamwita Fundi, basi, wakamsimulia maneno ya Nangasu neno kwa neno. Na huyo Fundi alijigawa akawa na vibarua wasioonekana: huyu anaandika, yule anakagua, mwingine anajaribu kuibomoa kazi aone kama itasimama. Wakajaribu mwizi wa maji. Wakajaribu mafuriko. Wakajaribu simu iliyoisha chaji. Makande yalikuwa hayajaiva jikoni, kazi imekwisha.

Na programu yenyewe haikukaa kwenye kompyuta ya ofisi yoyote. Ilikaa kwenye simu ya kila mkulima, kila mtu na nakala yake, na nakala zote zikichungana. Ukichezea yako, za wenzako zinaikataa. Kubadili kanuni, au kufungua lango nje ya zamu, ni mpaka wakulima walio wengi waguse Ndiyo. Hakuna mkubwa, hakuna bosi. Wakaiita Agano. Zamu yako ikifika, unasimama langoni pako, unagusa simu kwa kidole chako, lango la chuma linapanda lenyewe. Usipotokea, maji yanakwenda kwa jirani, yasipotee bure.

Kabla ya kufunga kazi, Fundi aliuliza kwa sauti, wote wakisikia: "Je, kuna desturi nyingine ya maji ninayopaswa kuijua?"

Watu wakatazamana. Wakasema hamna. Wakagusa Ndiyo, na wa kwanza kugusa alikuwa Nangasu.

Hamna! Jamani, hamna vipi? Ilikuwapo! Tangu mfereji ule uchimbwe, nyumba iliyofiwa hainyimwi maji. Wenyewe huyaita maji ya msiba. Wafiwa wamekaa ndani wanalia, majirani wanabeba majembe, wanafungua lango, wanawamwagilia wenzao shamba mpaka matanga yaanuliwe. Kila mtu aliijua, na ndiyo maana hakuna aliyeitaja. Kitu mlichozaliwa nacho hamkioni kama ni kitu cha kusemwa.

Mwaka huo, jua likiwa kali, Kadeghe akasia mbegu yake yote kitaluni. Hakubakiza hata ya kuweka chupani. "Ya nini kubakiza," alimwambia mkewe, "na maji sasa ni ya uhakika?" Miche ikachipua, myembamba, ya kijani. Asubuhi moja Kadeghe akaanguka pembeni ya kitalu chake, na alipofikishwa nyumbani alikuwa amekwisha kukata roho.

Nangasu akawekwa mkekani. Mjane wa huko hatoki uani mpaka matanga yaanuliwe. Kijiji kizima kikahamia kwake, na kwa heshima ya msiba simu zote zikazimwa zikatiwa kwenye ungo mmoja, juu ya kabati.

Zamu yake ya maji ikafika. Lango likamsubiri, hakutokea. Maji yakapita kwenda kwa jirani, kwenye maharage ya Naelijwa. Zamu ikazunguka, ikarudi. Vilevile.

Naelijwa huyo hakuwa mtu mbaya. Zamu ya kwanza tu ilipompita mjane, kabla hata ya mazishi, alibeba jembe lake akaenda kumwagilia kitalu cha mwenzake, kama alivyofundishwa na mama yake. Akakuta udongo umepasuka na miche imelala. Akalivuta lango kwa mikono miwili, wapi! Na ndoo za kichwani zisingekitosha kitalu chote kile. Akakimbia msibani, akachopoa simu yake kwenye ungo, akajificha nyuma ya banda la mbuzi, akampigia Kiangi mjini.

Kiangi akamwambia Fundi: "Fungua lango la Nangasu. Amefiwa."

Fundi akajibu: "Siwezi kufungua peke yangu. Nimewauliza wakulima wote. Walio wengi wakigusa Ndiyo, lango litafunguka mara moja."

Swali likaenda kwenye simu zote. Na simu zote, ndugu zangu, zilikuwa kwenye ungo, zimezimwa.

Naelijwa akagusa Ndiyo yake, ikabaki peke yake. Akamfuata Mchome alikokaa na wazee, akamnong'oneza. Mchome alikuwa na mtaimbo nyumbani, na katika kijiji kile hakuna aliyejua kung'oa lango kama yeye. Mchome akatazama mbali.

"Mlisema mkono wa mtu usiguse lango," akasema. "Mimi ni nani niguse?"

Naelijwa akarudi akakaa na wanawake. Kumtajia mfiwa habari za shamba, au kuwaambia watu wawashe simu, wakati maiti iko ndani, huko ni aibu kubwa. Akanyamaza. Wakazika. Akanyamaza. Wakaendelea kukaa matanga, naye akaendelea kunyamaza.

Siku ya kuanua matanga, Nangasu alikwenda moja kwa moja kitaluni. Akachutama. Akaokota mche mmoja, ukasagika vidoleni. Akanusa vidole vyake, havikunuka kitunguu. Akakaa pale chini, halafu akainuka, na alipoinuka alikuwa amewaka. Nawaambia, mume alimlilia, lakini mbegu hakuililia. Mbegu aliikasirikia.

Akawaita wote langoni. Nani angethubutu kutokwenda?

"Kadeghe nimemzika mara moja," akasema. "Nani amenizikia mara ya pili? Aseme!"

Kiangi alikuwa amekuja kuhani. "Mama, mimi nilijenga mlichotaka," akasema. "Niliposikia, sikukaa bure. Nilituma swali saa ileile. Nilipiga simu moja moja, zote zimezimwa. Ningeweka mlango wa nyuma wa kuingilia mwenyewe, mngeniita mwizi. Si ndicho mlichomkatalia Mzee Mchome?"

"Wewe Kiangi!" Nangasu akamkatiza. "Baba yako alipokufa, mahindi yenu yalimwagiliwa na nani? Si Kadeghe? Ulikuwa mkubwa, ulimwona na jembe lake! Mashine ilipouliza desturi, hukuwa na mdomo?"

Kiangi akainamisha kichwa. "Nilikuwa nasubiri wazee waseme," akajibu.

Nangasu akamgeukia Mchome. "Na wewe? Mtaimbo wako ulikuwa umeota mizizi?"

"Usinipandishie sauti," Mchome akasema. "Mlinivua kazi hadharani, mkapiga makofi. Ningevunja lango, leo ningekuwa hapahapa nashtakiwa kuharibu mali ya kijiji. Nilitii. Kutii sheria yenu ndiyo dhambi?"

"Ulitii kwa kinyongo! Ulikula ubwabwa wa msiba wangu huku unajua miche ya marehemu inakufa!"

Mchome akachomeka fimbo yake ardhini.

"Naelijwa," Nangasu akasema. "Wewe mwanamke mwenzangu. Ulilala ubavuni kwangu."

"Dada, ningekuambia nini?" Naelijwa akaanza kulia. "Mume hajazikwa, nikuambie vitunguu? Nilikuonea huruma."

"Ungeniambia! Ningetoka na kanga moja, peku, watu waseme watakavyo! Kidole changu tu ndicho kilichotakiwa! Huruma yako imenifanyia nini? Na hayo maharage yako, mbona yamestawi hivyo? Yamekunywa maji ya nani?"

Watu wote wakageuka wakayatazama maharage. Yalikuwa yamejaa maua. Naelijwa akajifunika uso kwa kanga.

Ndipo Kiangi akainua simu, Fundi naye asikike.

"Samahani, mama," Fundi akasema.

"Usiniite mama! Mimi sikukuzaa!"

"Niliuliza kama kuna desturi nyingine. Niliambiwa hamna. Nilipoambiwa mtu alisema 'hata mimi nikija nalia, lisifunguke', niliandika hivyo, na wote mkakubali. Vibarua wangu walijaribu kila kilichotajwa. Msiba haukutajwa. Mkitaka niandike kanuni ya msiba, niko tayari sasa hivi. Niambieni: msiba wa mume tu, au na wa mjomba? Unaanza lini, unaisha lini? Nani atathibitisha kwamba mtu amekufa kweli?"

Basi, wee! Hapohapo wakaanza kubishana. Huyu anasema mjomba ahesabiwe, yule anasema mjomba wa mbali hapana, mwingine anasema wapo watakaozusha vifo wapate maji. Nangasu akawatazama watu wazima wanabishania vifo juu ya kitalu chake kilichokufa. Akapiga lango kwa jiwe, paa! Wakanyamaza.

Wazee wa mfereji wakaamua. Mwenye kosa kubwa kuliko wote hatakuwa na sauti tena kwenye mfereji ule. Akiwa Mchome au Naelijwa, zamu yake inakwenda kwa Nangasu. Akiwa Kiangi, asitie mkono tena kwenye kazi yoyote ya kijiji. Akiwa Fundi, malango ya chuma yang'olewe, maji yarudi kwa mgawaji; na aijuaye kazi hiyo ni mmoja tu, Mchome, na dengelua yake. Kila mtu aguse jina kwenye simu yake.

"Ongezeni na la kwake," Mchome akasema, akimwonyesha Nangasu kwa fimbo. "Aliyetaka lango lisisikie kilio ni nani?"

Watu wakaguna. Wengine wakamzomea Mchome. Naelijwa akasema, "Mzee, hata haya huna?"

Lakini Nangasu akasema, "Liongezeni. Maneno yale niliyasema mimi, na kwa hasira hii hii. Ila kila aliyenisikia siku ile alijua sikumaanisha msiba. Kila mmoja wenu alijua!"

Likaongezwa, na hukumu ni ileile: akiwa yeye, hana sauti tena kwenye mfereji. Wakagusa, mmoja baada ya mwingine, na kijiji kikagawanyika sawasawa, hakuna jina lililozidi jingine. Ikabaki simu moja, ya mjane. Amesimama langoni pake, miche iliyokauka iko miguuni, na majina yote yako mbele ya kidole chake: Kiangi, Mchome, Naelijwa, Fundi, Nangasu.

Sasa msinitazame mimi! Wale nao waliulizwa wakatazamana, mmeona kilichotokea. Semeni ninyi: kidole kile kiguse jina gani? Je, ni nani aliyestahili kubeba lawama ya mbegu ya Kadeghe?