Mlinzi wa Kengele na Sahani ya Ugali

Tajiri mmoja alikuwa na shamba la mkonge na wafanyakazi mia tatu. Alitundika kipande cha reli katikati ya kambi kiwe kengele, akatangaza kwamba atakayeonewa, hata na yeye mwenyewe, aende kwa mlinzi wa kengele. Mlinzi akiigonga, kazi yote itasimama mpaka haki itendeke.

Mlinzi aliitwa Semboja, mtu mpole, mkweli. Walinzi wa kengele wa mashamba ya jirani walikuja, wakaisikia inavyolia, wakaridhika. Wakapigilia kibao cheupe langoni, alama kwamba hapa haki inatendeka. Tangu hapo wanunuzi walipakia mkonge bila kuuliza neno.

Tajiri hakumtisha Semboja hata siku moja. Alimkaribisha chakula tu. Kila adhuhuri, barazani kwake, ugali na samaki. Na desturi ya kwao ilikuwa hii: ukila kwa mtu, humsemi vibaya mpaka jua lichomoze tena. Jamani, nani angeona ubaya katika sahani ya ugali?

Mchana mmoja Tumpe, mke wa mkata mkonge, alikuja mbio, kanga imemwanguka begani. Nyapara alikuwa amemfungia mumewe, Lwitiko, kwenye ghala la bati, juani, bila tone la maji, kwa kosa la kuomba ruhusa amuuguze mtoto. Tumpe alipiga magoti amwombe Semboja agonge. Semboja aliishika nyundo. Mikono yake ilikuwa bado na maji ya kunawa.

"Mwanangu, leo nimeshakula kwa tajiri, na kugonga ni kumsema vibaya," alisema, na machozi yakamtoka. "Kesho alfajiri, kabla sijatia kitu kinywani, nitagonga."

Na aligonga kweli. Shamba zima likasimama, nyapara akafungua mlango. Lwitiko alikuwa amekufa tangu jioni, midomo imepasuka, kiganja kimoja kimegandia kwenye bati.

Walinzi wa jirani walirudi, wakaking'oa kibao. Tajiri alikisikitikia kibao chake siku nyingi. Semboja hakula tena kwa mtu, lakini ilimfaa nani?

Tumpe alisimama langoni, mtoto mgongoni, akawatazama wale wageni wakikibeba kibao chao kwapani. Hakuwatukana. Aliwauliza tu:

"Siku ile mlipokuja kusikiliza kengele yetu, wazee wangu, mbona hamkuuliza mgongaji anakula kwa nani?"